Mko waigizaji saba. Wa kubaki nyuma ni nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu kina waigizaji saba, na dada mmoja ambaye haigizi ila hutubebea maleba na kuwatuliza watoto wanaosogelea jukwaa. Tumezoea vichekesho. Mwaka huu tuliamua kuingia kwenye maigizo ya kijamii, tukatunga mchezo wa nusu saa kuhusu binti anayeozwa akiwa bado shuleni. Uwanja ulijaa, watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwishoni tukauliza, "Mmejifunza nini?" Mzee mmoja akajibu, "Tumejifunza kuwa ndoa za utotoni ni mbaya," kisha wakatawanyika. Mwenzetu mmoja anasema tunakosa mtunzi mzuri, mwingine anasema tutafute mwongozaji aliyesomea. Je, nyuma ya kikundi cha namna hii huwa kuna watu gani, na nani awe kiongozi?

Jibu: Marahaba. Niwaondolee hofu kwanza: mchezo wenu haukuangushwa na uandishi. Mzee yule aliwapa jibu mlilokuwa mnalitafuta, kama mtoto anayelisoma jibu usoni mwa mwalimu wake. Hata mngemleta mtunzi hodari kuliko wote, makofi yangeongezeka na mzee angesema maneno yale yale.

Mnachokosa ni watu ambao kazi yao haiko jukwaani. Hili huwachoma waigizaji, nalijua, maana mimi mwenyewe nilianza kama mwigizaji na nilidhani wengine wote wapo ili kunishikia taa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika kazi hii mchezo ni nusu saa tu ndani ya shughuli ya miezi, na miezi hiyo ina wenyewe.

Wa kwanza ni yule anayetangulia. Wengi humwita mraghbishi. Huyu huenda mahali wiki kadhaa kabla ya mazoezi kuanza, bila maleba, bila ngoma, bila kipaza sauti, na kazi yake ni kukaa na watu. Sisemi azunguke na dodoso. Akae. Niliwahi kufanya kazi na mraghbishi mmoja, mama wa makamo asiyejua kuigiza hata kidogo, ambaye daftari lake lilitufaa kuliko mswada wowote niliopata kuushika. Hakuandika kwamba jamii inakabiliwa na changamoto. Aliandika: wanawake hawapati nafasi kabla ya saa kumi na moja jioni. Mzee wa kofia nyeupe akiingia, vijana hunyamaza. Hapa hawasemi "kuozwa", wanasema "kupelekwa". Yule binti wa pembeni hakusema kitu, lakini hakuondoka.

Mistari minne hiyo ilitupa saa ya kuonyesha, mtu wa kuzungumza naye faragha kabla ya siku yenyewe, neno la kutumia jukwaani, na mtu wa kumrudia. Nyinyi mlifika na mchezo uliokwisha kuiva. Hakuna aliyewaambia kwamba mmeutunga kwa maneno ya semina.

Msijione wa kwanza kuanguka hapo. Mwaka 1974 nchini Botswana ulianza mradi ulioitwa Laedza Batanani, jina lenye maana ya kwamba jua limekwisha chomoza, amkeni tufanye kazi pamoja. Timu zilizunguka vijijini na michezo, vikaragosi na nyimbo, na baada ya onyesho watu wakagawanyika makundi kujadili. Mfano huo ulienea nchi nyingi za Afrika. Lakini miaka michache baadaye waliokuwa ndani ya kazi hiyo, Ross Kidd na Martin Byram, waliandika ukosoaji mkali wa kazi yao wenyewe: ajenda ilishikwa na maofisa na wenye nafasi, na wanakijiji walibaki kuambiwa tabia gani wabadilishe. Kuna kujadiliana na kuna kujadilishwa. Mimi huwaheshimu watu wale zaidi kwa ukosoaji ule kuliko kwa mradi wenyewe.

Linganisha na kilichotokea Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya. Jina linalokumbukwa ni la Ngũgĩ wa Thiong'o, na pengine la mwandishi mwenziwe Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwongozaji Kimani Gecau hatajwi sana. Wasiotajwa kabisa ni vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani ambao mazoezi yalifanyika mbele yao, hadharani, na ambao waliwasahihisha wasomi: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi, mshahara wetu ni huu. Hao ndio walioujenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha watu zaidi ya 2,000. Mchezo wao wa Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda* (Nitaolewa Nikipenda), ulipofunguliwa Oktoba 1977, waliokuwa wakitazama walikuwa wameshaushika kwa miezi. Ulipigwa marufuku mwezi uliofuata, Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Serikali haikuhangaika namna ile kwa sababu ya sentensi za mwandishi peke yake, maana alikuwa amekwisha kuandika mengi kwa Kiingereza akiwa huru. Iliogopa kile kilichokuwa nyuma ya sentensi hizo.

Kwa hiyo swali lako la "nyuma ya kikundi kuna nani" lina jibu ambalo pengine hukulitarajia. Wapo wenyeji, na siyo kama watazamaji. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifanya kazi na vijana wa palepale juu ya matatizo ya palepale, kwa kutumia ngoma na nyimbo za watu wenyewe. Vijana hao walikuwa sehemu ya kikundi. Nyinyi mkiandika majina kwenye karatasi ya kikundi, acheni nafasi wazi kwa watu ambao bado hamjawajua.

Sasa niseme juu ya yule ninayemwona kuwa mgumu kumpata kuliko wote: jokeri, yaani anayesimama kati ya mchezo na watazamaji na kuwaalika waingie.

Jina hili linatokana na karata, ile inayoweza kukaa mahali pa karata nyingine yoyote. Alilitumia Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, kisha akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru. Boal alisimulia kwamba huko waigizaji wake walikuwa wakicheza kisa cha mwanamke aliyedanganywa na mumewe. Mume alikuwa amempa karatasi azitunze, akimwambia ni stakabadhi za nyumba wanayojenga. Mke hajui kusoma. Jirani akamsomea: ni barua za hawara. Mchezo ukasimama hapo, watazamaji wakaulizwa afanye nini, na waigizaji wakawa wanajaribu kila pendekezo. Mwanamke mmoja mnene alikaa amenuna. Akasema, mke azungumze na mume "kwa uwazi kabisa", kisha amsamehe. Mwigizaji akajaribu. Siyo hivyo, akasema yule mama. Mwigizaji akajaribu tena kwa ukali zaidi. Siyo hivyo. Boal akachoka, akamwambia basi panda mwenyewe utuonyeshe. Mama akapanda, akanyakua ufagio, akamcharaza mume wa mchezo mpaka akaomba poo, kisha akamsamehe, akamwagiza alete chakula.

Kila mwezeshaji anakijua kisa hiki, na wengi hukisimulia kwa ajili ya ufagio. Mimi hukisimulia kwa ajili ya yale majaribio yaliyoshindikana. "Kwa uwazi kabisa" mdomoni mwa yule mama lilikuwa na maana ambayo hakuna mwigizaji angeweza kuikisia. Kazi ya jokeri ni kujua kwamba yeye na waigizaji wake hawajui, na kusogea pembeni.

Kwa vitendo iko hivi. Mchezo unasimama pale binti anapoambiwa avue sare za shule. Jokeri anaingia, hasimami katikati, anasimama ukingoni, nusu upande wa jukwaa na nusu upande wa watu. Haulizi mmejifunza nini. Anauliza kitu kimoja: "Kuna mtu katika hawa angeweza kufanya jambo jingine. Nani, na lini?" Kisha ananyamaza, na hapo ndipo mtihani ulipo. Kimya cha sekunde kumi mbele ya watu mia mbili huonekana kama saa nzima, na jokeri mchanga atakivunja kwa kicheko au kwa kujijibu. Mzoefu anasubiri, anahamisha macho polepole mpaka nyuma kabisa, kwa wale waliosimama. Mara nyingi wa kwanza kusema atakuwa mlevi au mtoto. Mpokee. Akipokewa vizuri wa kwanza, wa tatu atakuwa yule uliyemfuata.

Jokeri pia hujua kukataa suluhisho la uchawi. Mtu akipanda na kusema "Baba, acha," na baba akaacha, jokeri anaugeukia umati: "Hili hutokea?" Watu watacheka, na kicheko hicho ni mali. Ndiyo maana siwashauri mumpe kazi hii mchekeshaji wenu bora. Ana kipaji cha kujaza kimya, na nyinyi mnataka mtu wa kukiacha kikae.

Hapa waigizaji nao hubadilika. Anayecheza baba hawezi tena kukariri. Lazima amjue baba huyo kiasi cha kumjibu mtu asiyemjua, kwa hoja ambazo hazimo kwenye mswada. Akilegea upesi, mtazamaji aliyepanda anashinda vita ya bandia na kwenda nyumbani na silaha ya karatasi. Akikaza mno, anamwaibisha mbele ya jirani zake. Fanyeni mazoezi ya hilo peke yake: mmoja acheze baba, wengine sita wapande mmoja mmoja kumkabili, jioni nzima.

Mtu wa tatu sikumwona kwenye kikundi chochote nilichoanza nacho, na nilijifunza umuhimu wake kwa aibu. Tulipewa kisa na msichana mmoja, tukabadilisha jina lake, tukabadilisha kazi ya baba yake, tukajiona tumemficha. Tulisahau kwamba mwigizaji wetu, kwa ufundi wake, alikuwa ameiga namna msichana yule anavyofunika mdomo akicheka. Dakika ya tano watu walikuwa wanageuka kumtafuta uwanjani. Alikuwepo. Aliinuka akaondoka taratibu, na sisi tukaendelea na mchezo, kwa sababu hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na mamlaka ya kuusimamisha.

Tangu siku hiyo sifanyi kazi bila mlinzi wa kisa. Jina ni langu, mnaweza kumwita mtakavyo. Ni mtu asiyekuwa na sehemu jukwaani siku hiyo, anayewajua wenye visa, na mwenye ruhusa ya kusimamisha onyesho bila kumuuliza mwongozaji. Kabla ya onyesho humwonyesha mwenye kisa mchezo faragha, yeye na anayemwamini, na humuuliza tena kama anakubali. Aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo. Huchanganya visa vitatu vinne mpaka hakuna atakayesema "huyu ni fulani". Na wakati wa onyesho hutazama watu, hatazami mchezo. Akiona mtu anainuka akilia, humfuata, na anajua kabla ya siku hiyo ni nani pale mahali anayeweza kumpokea: muuguzi, ofisa wa ustawi, mama anayeaminiwa. Kugusa donda bila kujua dawa iko wapi ni ukatili, hata kama mlikuwa na nia njema.

Mwongozaji na mtunzi nitawapitia haraka, maana nyinyi tayari mnawajua na mnawatamani. Mwongozaji mzuri atawafaa, hasa kama anajua kuongoza watu ambao si waigizaji bila kuwageuza waigizaji wabaya. Mtunzi naye atawafaa kama anavumilia mswada wake kuraruliwa. Bill Rauch na Alison Carey, walioanzisha kikundi cha maigizo cha Cornerstone nchini Marekani mwaka 1986, walikwenda kuishi kwenye miji midogo na kutengeneza michezo na wakazi wake, wakichukua tamthilia za zamani na kuziandika upya kwa mambo ya mahali pale. Mtunzi wa namna hiyo ni fundi cherehani anayepima mwili kwanza.

Halafu kuna mshika fedha, na huyu msimdharau. Kazi hii mara nyingi hulipiwa na mfadhili, na mfadhili hutaka ujumbe uliokwisha kuandikwa na idadi ya waliohudhuria. Mshika fedha ndiye anayekaa naye mezani kabla ya kusaini na kusema: tutawaletea idadi, lakini ujumbe hatuwezi kuahidi, kwa sababu watu hawajausema bado. Tena aombe fedha ya kurudi mahali baada ya mwezi. Bajeti nyingi nilizoziona zina fedha za fulana na hazina fedha za kurudi. Mkilazimika kuchagua, vaeni nguo zenu.

Nije kwenye uongozi. Umeuliza nani awe kiongozi, na nadhani mmekuwa mkibishana. Nikupe mfano wa Sistren, kikundi cha maigizo cha wanawake wa Jamaika, walioanza mwaka 1977. Walikuwa wanawake wa tabaka la chini, wengi wao waliajiriwa na serikali kufagia barabara. Walitaka kuandaa mchezo, wakamfuata Honor Ford-Smith, mwalimu wa sanaa za maonyesho. Alipowauliza wanataka kufanya mchezo juu ya nini, walimjibu wanataka kuonyesha jinsi wanavyoteseka kama wanawake. Mtazame aliyeanza: wenye kisa walimtafuta mtaalamu, mtaalamu hakuwatafuta wao. Aliongoza mazoezi kwa miaka mingi, lakini kikundi kilikuwa cha wanawake wale, na michezo ilitoka kwenye maisha yao.

Kwa hiyo mimi hugawa madaraka mawili. Jambo likihusu uzuri wa mchezo, mwongozaji aamue. Jambo likihusu kama mchezo uonyeshwe, wapi, mbele ya nani, na kwa hatari ya nani, waamue walio karibu na hatari hiyo. Boal alilijua hili kwa fedheha. Kabla ya uhamisho, kundi lake lilikwenda kwa wakulima wa kaskazini mashariki mwa Brazili na mchezo wa mapinduzi, waigizaji wakiinua bunduki na kuimba juu ya kumwaga damu kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja akawajia machozi yakimtoka: twendeni sasa hivi tukamtimue bwana shamba. Wakamweleza kwamba bunduki zile si za kweli, ni za mchezo tu. Akasema si neno, za kweli tunazo, njooni nyinyi tu. Hapo ikabidi wakiri kwamba wao ni wasanii na hawaendi popote. Boal hakuandika tena mchezo wa kumwambia mtu afanye jambo ambalo yeye mwenyewe hangelifanya.

Wengine walilipa gharama hiyo. Tarehe 1 Januari 1989, kikundi cha maigizo cha Jana Natya Manch cha India kilishambuliwa kikiigiza mtaani huko Jhandapur, karibu na Delhi. Mfanyakazi mmoja aliuawa, na Safdar Hashmi, kiongozi wa kikundi, akafariki siku iliyofuata. Tarehe 4 mkewe, Moloyashree, alirudi na wenzake mahali palepale wakaumaliza mchezo ule. Sikusimulii ili mtafute hatari. Ninachotaka muone ni kwamba kikundi kile kilikuwa na watu wa kutosha, waliojuana kwa kina cha kutosha, kiasi kwamba kuondoka kwa kiongozi hakukukiondoa kikundi.

Basi fanyeni hivi. Umesema mko saba na dada mmoja. Dada huyo anakaa na watoto wa watazamaji, maana yake anakaa na mama zao. Siku ya onyesho ndiye pekee aliyewatazama watu muda wote. Mkalisheni, mumwulize aliona nini binti alipovuliwa sare. Muulizeni nani aliondoka kabla ya mwisho. Bila shaka anajua. Kisha mtumeni arudi kule na mmoja wenu, yule anayesikiliza kuliko wote, bila maleba, saa ambayo wanawake wana nafasi. Wasitaje mchezo mpaka wenyeji wautaje. Waende mara tatu kabla hamjagusa mswada, na mara ya tatu wawaombe watu wawili wa pale waje kukaa kwenye mazoezi yenu na kuwakatiza kila mnaposema jambo ambalo halisemwi hivyo.